Sauti ya Oyugi Katika Kipokezi

Revocatus, mvuvi aliyekuwa ziwani, alishatuma ujumbe wa simu kwamba redio ya mtumbwini ameizima, lakini kipokezi juu ya meza ya Gidion, pale Kigongo, kiliendelea kusema: "Gidi, nimefika."

"Zima," Aoko alisema.

"Redio yenyewe imezimwa, shemeji."

Gidion alikibuni ili kuokoa wavuvi. Sauti ya anayeomba msaada hugawanywa katika mawimbi mengi madogo, upepo ukiharibu baadhi, mengine yafike. Redio hutanguliza alama ambayo kipokezi kinaijua, kipime kwayo hewa imeharibu nini, kisha kirekebishe. Kwa alama hiyo wengine hutumia mlio tu. Gidion aliweka sauti ya kaka yake Oyugi, mume wa Aoko, aliyezama asionekane, ukoo ukazika tunda la mwegea badala ya mwili. Aliyezikwa hivyo haitwi tena. Gidion alijua. Nasi tunaosali kila Jumapili, tunayoyavunja tukijua ni mengi.

"Mimi nililia, nikanyoa, nikanyamaza," Aoko alisema kwa hasira. "Wewe nani alikutuma?"

"Nilitaka kumsikia tu."

"Si ungemsikiliza kwenye simu yako, hata chooni. Unamrusha juu ya maji yaliyomla?"

Revocatus akawasha redio, akasema nyavu zimenasa. Maneno yalikuwa yake, sauti ya Oyugi.

"Futa hiyo alama, Gidion."

"Ngoja kidogo, shemeji."

Akangoja, mpumbavu yule, mkono juu ya kitufe, na harufu ya matope yaliyooza ikapanda kutoka chini ya meza, ikajaa chumba, ikawakaba koo, huku kipokezi kikikoroma kama mtu anayetapika maji, kikikoroma na kukoroma mpaka mkoromo ule ukapata maneno, na maneno yakatoka taratibu, yamejaa ghadhabu:

"Aoko. Umemzika nani?"

Aoko alimkanyaga Gidion mguu kwa nguvu zote, akiomba kwa jina la Yesu. Gidion akafuta. Akaweka mlio wa kawaida.

Kimya. Harufu ikakatika. Aoko akakaa sakafuni, akashukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Kisha Revocatus akaita, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, safi kabisa, akinong'ona.

"Gidion, kuna mtu kapanda mtumbwini. Kaloa chapachapa. Anamtaka mkewe, anasema yuko Kigongo."

"Usimlete," Gidion alisema.

"Amekasirika sana, kaka. Nimeshageuza. Tunakuja."