Tanzia ya Bibi Tsvetana

Kila asubuhi Bilyana aliwamwagia kuku mahindi, akala mkate na mtindi pamoja na bibi yake, kisha akampigia mama yake simu Italia. Mama Vesela alikuwa huko akimtunza ajuza mmoja mgonjwa, na miaka miwili ilikuwa imepita bila yeye kukanyaga nyumbani Bulgaria. Safari hii mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya siku chache za Pasaka. Zilibaki wiki tatu tu, na Bilyana, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwa na wimbo mwingine.

"Pasaka haiji kwa kuitwaitwa," Bibi Tsvetana alimtania. "Nenda shule!"

Alhamisi ilikuwa siku ya klabu ya filamu. Mwalimu Kamen aliwafundisha kuandaa filamu ya dakika tatu: kwanza kuandika hadithi yenyewe, halafu kupanga orodha ya kila onyesho.

"Andikeni kila kitu kinachoingia kwenye onyesho, na nani atakiondoa mkimaliza," alisema. "Na ukitaka kutumia sura ya mtu, mwombe. Kamera haikupi haki ya kuchukua vya watu."

Bilyana aliandika hadithi nzuri kweli. Msichana anashuka kwenye basi na kukuta tanzia ya bibi yake kituoni. Katika mji wao mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa getini, kwenye nguzo na kwenye vituo vya basi, na kila mpita njia husimama akaisoma. Lakini ile orodha aliiona kazi ya kupoteza muda, akaiacha.

"Bibi, nipe picha yako moja," alisema jioni ile. "Tunaandika habari za wazee shuleni."

"Chukua hii ya kitambaa cha buluu," Bibi akajibu kwa furaha. "Ile nyingine nimekunja uso kama niliyelamba ndimu."

Bilyana aliona aibu kidogo, lakini akaichukua.

Ijumaa alasiri alibandika tanzia kituoni, yenye picha ile, jina kamili la bibi yake na maneno yote ya msiba. Aliikatia simu yake mtandao ili isilie katikati ya kazi, akapiga picha za filamu mpaka mvua ilipoanza kunyesha. Hapo akakimbia nyumbani, akajifungia chumbani na kuzitazama picha zake hadi simu ikaishiwa chaji, na asubuhi yake akasahau hata kumpigia mama yake. Karatasi ilibaki kituoni, chini ya paa, kavu kabisa.

Kesho yake mchana Bibi alikuwa akipalilia vitunguu, Bilyana akimsaidia, teksi ikasimama nje. Mwanamke aliyevaa nguo nyeusi akashuka, akafungua geti, akamwona Bibi, akaanguka kwa magoti.

"Vesela!" Bibi akatupa jembe. "Mwanangu! Mbona umevaa nyeusi? Nani amekufa?"

"Wewe, mama," akajibu akilia. "Wewe ndiye uliyekufa."

Akatoa simu yake. Jirani yao Dochka, akisubiri basi Ijumaa jioni kwenda kwa binti yake, alikuwa ameipiga picha ile tanzia na kuituma Italia pamoja na salamu za rambirambi. Tangu hapo Mama Vesela alikuwa amempigia Bilyana mara arobaini na moja bila kumpata.

Ulimi wa Bilyana ulikuwa tayari kuwasingizia watoto wa mtaa wa chini. Kisha akaiona miguu ya mama yake. Alikuwa amesafiri nchi hadi nchi na ndara za ndani.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ilikuwa ya filamu. Bibi nilimdanganya, na karatasi nikaisahau."

Mama hakumpiga wala hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Alimkumbatia Bibi, akamshikashika mabega na uso.

"Ruhusa ya Pasaka ndiyo hii, Bilyana," akasema mwishowe. "Hakuna nyingine. Keshokutwa narudi."

Alasiri ile Bilyana aliibandua tanzia, akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Bibi yangu yu hai. Kosa ni langu. Naomba radhi." Wengine walimkemea. Mzee mmoja, aliyekwisha kununua maua ya msiba, alimfungia mlango. Dochka, aliyekuwa bado kwa binti yake, alimwomba radhi kwa simu. Mwisho alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Kamen, akamwambia kila kitu, naye mwalimu akampa kazi ya kuandika ile orodha aliyoiacha, kuanzia mstari wa kwanza.

Jumatatu walimsindikiza Mama kituoni. Basi lilipopotea, Bilyana akalia kwa kwikwi.

"Bibi, mbona hunikasirikii?"

"Nimekasirika sana," Bibi akasema, naye akijifuta macho. "Mwanangu nimemwona siku mbili, badala ya Pasaka nzima. Ungeniambia ukweli, ningekufa kwenye filamu yako hata mara kumi, na ndani ya jeneza ningelala. Na karatasi ningekukumbusha mwenyewe. Kazi ni nzuri, mjukuu wangu, lakini kazi iliyoanza kwa uongo haina wa kukusaidia kuilinda, maana hakuna anayejua unafanya nini."

Bilyana aliushika mkono wa bibi yake, wakabaki wamesimama hapo kituoni, ingawa hapakuwa na basi jingine la kungoja.