Kijitu Chenye Uso

Nilimpeleka Ummulkheir kwenye yale maonyesho ili masikio yangu yapumzike. Wiki nzima binti yangu hakuwa na wimbo mwingine: Mzee Wamalwa wa nyumba ya kona anafungua gereji yake, watoto wa Buruburu waje waone majumba aliyoyajenga kwa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea. Basi nikafunga kibanda changu cha viatu pale Kariokor mapema, na jua likizama tulikuwa getini kwake.

Yalinishangaza, sifichi. Mzee mstaafu, hana mke wala mjukuu, na gereji nzima imejaa mtaa wetu: mapaa ya vigae, nyua, hadi kamba za kuanikia nguo. Na watu. Vijitu vidogo kama kidole, mamia kwa mamia.

Vyote havikuwa na nyuso.

Hilo halikunitisha. Kwetu hatuweki sanamu zenye nyuso. Mwanasesere akiingia nyumbani, mimi humfuta macho na mdomo kwanza. Nikamtania mzee, "Kumbe na wewe hufuta?"

Hakucheka.

"Mama, mimi sijafuta hata kimoja," akanong'ona. "Hivi havina neno. Lakini ukikiona chenye uso, usiuguse. Niletee hapa haraka."

Mzee ana vituko, nikajisemea. Ila gereji ile... ilinukia nywele za mtoto aliyelala. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Mama," Ummulkheir akanivuta buibui, "huyu ananiangalia."

Alikuwa ameelekeza kidole kwenye nyumba inayofanana na yetu. Kijitu kimoja kilisimama mlangoni.

"Hana macho. Atakuangaliaje? Twende, magharibi hiyo."

Baada ya isha nilikuwa nakunja gauni lake. Kitu kikaanguka kutoka mfukoni.

Kijitu. Mtoto wangu kaiba! Nilipandwa na hasira. Nikakiokota, nikasikia ile harufu ya nywele.

Na kilikuwa na uso.

Maneno ya mzee niliyakumbuka. Lakini mimi nikishika langu nimeshika: kesho nitamrudishia, ila hakilali nyumbani kwangu na uso. Nikachukua pamba na thina, ile tunayosafishia gundi kwenye ngozi. Nikaanza na macho.

"Mama," Ummulkheir akaita kutoka chumbani, "mbona umezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka. Niliuona mwanga chini ya mlango wake.

"Lala, mwizi wewe!"

"Mama, si mimi niliye..."

Nikapitisha pamba mdomoni.

Kimya.

Nikakisogeza kijitu kwenye taa. Kilichobaki usoni ni doa moja jeusi, chini ya jicho la kushoto. Doa alilozaliwa nalo mwanangu.

Nilichokikuta chumbani sitakisema. Nilimfunga kanga kichwa chote, nikambeba, nikakishika na kile kijitu, nikakimbia pekupeku hadi nyumba ya kona.

Mzee Wamalwa alikuwa ameketi kwenye gereji, brashi mkononi.

"Umefuta," akasema.

"Nisaidie, mzee wangu. Nakushika miguu."

"Mkono wangu hauwezi. Lazima achore yule yule aliyefuta." Akanipa brashi na kichupa cha rangi. "Mchore unavyomkumbuka. Hawa wengine wote, watu wao walichelewa."

"Na kwa nini unawaweka?" nikamfokea huku nalia.

Akaitazama mitaa yake ya plastiki.

"Nikiwatupa, wataishi wapi?"

Nikachora. Mzee akanishikia kiwiko. Macho mawili. Halafu mdomo... Nilipojaribu kumkumbuka mwanangu nilimwona anacheka tu. Nikachora kicheko.

Chini ya kanga, mtoto akavuta pumzi.

Sasa Ummulkheir anaona, anasema, anakwenda madrasa. Majirani humsifu kwamba ni mchangamfu, hanuni kamwe. Mimi huitikia na kubadilisha mazungumzo.

Jana alianguka uani, goti likachanika vibaya. Nikamkimbilia, nikamkumbatia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mwili mzima unamtetemeka.

Mdomo ulikuwa unacheka.

"Mama," akaninong'oneza kupitia kicheko hicho, "niache nilie."