Ripoti Nyingi, Shamba Moja

Mwaka 2003, mjini Nachingwea, Marselina alichemsha tena ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa wakati wa njaa.

"Watoto wameichoka," alimwambia mumewe, Fortunatus, bwana shamba.

"Wale tu. Kwa baba yako, kijijini Lionja, hata hiyo wanaigombania."

Marselina alichochea moto. Baba yake, mzee Saturnini, alikuwa ameng'oa mihogo yake ya zamani akapanda mbegu mpya ya mihogo. Mkwewe, Fortunatus, ndiye aliyemshauri. Mihogo ikaozea ardhini. Njaa ikaingia. Mdogo wake Marselina, Agape, maziwa yalimkauka, akazika mtoto mchanga. Jamani, inauma!

Na Fortunatus alikuwa bado anaandika mapitio. Yaani, anasoma tafiti zote kuhusu mbegu ile na kuzijumlisha. Zikiisifu, lori litapeleka mbegu hiyo kijiji cha Nandagala, wilaya ya Ruangwa, kabla ya mvua.

Jirani yao, mwalimu Doris, alipiga hodi. Alishafanya mapitio kama hayo chuoni.

"Shemeji, tafiti zinasemaje?"

"Karibu zote zinaisifu. Lionja ni mkosi tu."

"Mkosi? Mtoto amezikwa! Hebu lete ripoti."

Walizitandaza mkekani.

"Usitazame jalada," Doris alisema. "Mtu akibadili shati, huwa watu wawili? Tazama nani alitafiti, wapi, lini, na walivuna kiasi gani."

Fortunatus alisoma. Moja ya mradi, nyingine ya mkutano, nyingine ya jarida. Vichwa tofauti. Lakini shamba lile lile la mlimani penye baridi, mavuno yale yale.

"Mungu wangu! Kumbe ni utafiti mmoja."

"Nawe umeuhesabu mara nyingi. Hata kompyuta hukamata vichwa vinavyofanana tu. Vingine ni kazi ya macho yako."

"Nizitupe?"

"Usitupe. Ziweke pamoja kama utafiti mmoja. Tumia ripoti yenye maelezo kamili, nyingine ziandike chini yake. Ndipo uhesabu."

Alihesabu upya. Ulibaki utafiti mmoja wa kusifu, na mwingine mdogo uliosema: penye joto, mihogo hii huoza. Huo mwanzoni alikuwa ameudharau kwa kuwa ulikuwa peke yake; kumbe Nandagala kuna joto kama Lionja.

Aliandika mapitio upya. Lori halikwenda. Nandagala walipanda mbegu yao ya zamani, wakavuna, wakala.

Mzee Saturnini alikwenda huko kuomba mbegu. Fortunatus alimbebea mzigo.

"Baba, nisamehe."

"Mimi nimekusamehe," mzee alisema. "Nenda kwa Agape."