Shemeji, Tupande

Ndege ilipinda kulia kabla mkono wa rubani haujagusa usukani.

Mkewe aliona, maana alikuwa amesimama nyuma yake na kikapu cha nguo za kupiga pasi. Ile televisheni kubwa ya sebuleni mumewe alikuwa ameiunganisha na kompyuta na usukani wa kuchezea, ajinoe kwa ndege za mchezo huku akisubiri kurudishwa kazini, na kila siku alilalamika kuwa picha ni nzito: mkono unavuta leo, ndege inaitika kesho. Haya, leo picha imeutangulia mkono!

"Umeona?" rubani alinong'ona.

"Labda ni waya."

"Waya gani unaojua ninakotaka kwenda?"

Mke aligeuka na kikapu chake. Mchezo wenyewe alikuwa haupendi. Mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni, alikuwa rubani msaidizi wa mumewe. Ndege ikaanguka, kijana akafa pamoja na abiria, mume akatoka na mkono uliovunjika. Ni mume huyohuyo aliyeeleza kwamba kijana alitaharuki akaung'ang'ania usukani. Tangu siku hiyo mama yao hatoki nje, maana watu wanamnyooshea kidole: mama wa muuaji. Jambo hilo lilimuuma dada mtu kuliko hata msiba.

Kesho yake mchana sebule ilinuka mafuta ya ndege na nywele zilizoungua. Kwenye kochi, upande wa kulia wa rubani, mto ulibonyea wenyewe. Kisha mvua ikaanza ndani ya televisheni, mvua ambayo rubani hakuichagua, na milima ikajitokeza pande zote, ikija, ikikua, na kutoka kwenye spika ikasikika sauti ya kijana, ileile iliyozoea kuingia nyumba hii ikiuliza kama kuna chakula:

"Shemeji, uwanja hauonekani. Tupande."

Ikajibu sauti ya rubani, naye rubani mwenyewe kafumba mdomo: "Nyamaza! Ndege ni yangu. Tunatua."

"Shemeji, nakuomba. Tupande!"

Mke aliuchomoa waya ukutani. Picha haikuzimika.

"Kumbe ni wewe uliyewaua," alimwambia mumewe.

"Mke wangu, nisikilize. Marehemu hafukuzwi kazi. Mimi nilikuwa na nyinyi wa kulisha."

Alijaribu kunyanyuka. Mikono ilikuwa imegandia usukani, na kadiri alivyovuta ndivyo ngozi ilivyochanika.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene mwenye mafua. Alivua viatu mlangoni, akanusa, akapiga chafya.

"Uwii! Huyu mzimu hakuokotwa njiani. Huyu ana mtu wake. Naweza kumtoa sasa hivi na asirudi tena. Nimtoe?"

"Mtoe!" rubani alilia. "Mtoe, mama, nakufa!"

"Subiri," alisema mke. Alipiga simu, akaisogeza mdomoni pa mumewe. "Mama huyo. Mwambie mwanawe hakuua mtu. Ukishasema, mganga afanye kazi yake."

"Haloo?" bibi mzee aliita taratibu. "Haloo, mkwe wangu?"

Rubani aliikodolea macho simu. Akisema, leseni imekwenda na jela inamngoja. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Mke alisubiri, moyo ukimwomba aseme, kwa sababu bado alimpenda, hilo tusimnyime.

"Shikamoo, mama," rubani alisema. "Nilitaka kukujulia hali tu."

Mke alikata simu.

"Mganga, asante. Kusanya vitu vyako."

"Unakwenda wapi?" mumewe alipiga kelele. "Usiniache! Jamani, usiniache naye!"

Alitoka na mganga, akafunga mlango kwa ufunguo. Nyuma yao injini zilinguruma mpaka vioo vikatetemeka, na juu ya ngurumo hiyo mwanamume akapiga yowe. Mganga alisimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mwanangu, umemwacha na nani mle ndani?"

"Na mdogo wangu," alisema. "Wana yao ya kuzungumza."