Maganda ya Asubuhi na Maganda ya Jioni

Jioni ikifika, mtaa wetu wa Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi, huku nyuma ya reli, una kazi moja isiyohitaji kibali cha ofisi yoyote: kubangua mbegu za alizeti. Watu hutoa viti nje. Mbegu huingia upande huu wa mdomo, ganda hutoka upande wa pili, na umbea hupita katikati. Mtoto wetu hujua kubangua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Malina, binti wa Yashar na Sevda, alikuwa na miaka minane na alishindwa.

Alianza vizuri kama wenzake. Mbegu ya kwanza, ya tatu, ya saba. Ikifika ya kumi, taya liligoma. Aliweka kiganja chini ya kidevu akakisukuma juu, kama mtu anayefunga droo mbovu. Kope zake nazo zilikuwa zimeshuka hadi nusu ya jicho. Ili amwone mtu, ilibidi ainue uso na kutazama kwa chini.

"Mwoneni malkia," alisema Bibi Sabka, mama yake Yashar. "Anatutazama kwa matundu ya pua."

"Mama, mtoto amechoka," alisema Sevda.

"Amechoshwa na nini? Amebeba zege? Huo ni uvivu wa kwenu. Kwetu hajazaliwa mtu wa kushindwa na mbegu."

Sevda aliinama kuokota maganda. Alikuwa amezoea kunyamaza tangu msiba wa Orlin.

Orlin alikuwa mdogo wake Malina. Alizaliwa mlegevu. Kilio chake kilikuwa kama cha paka mchanga. Alinyonya kidogo, akaacha, akapumzika, akanyonya tena. Alipofika miezi kumi na moja, kifua kilimbana. Walimpeleka hospitali mchana. Walimchoma sindano jioni. Kulipopambazuka alikuwa hapumui. Karatasi ilisema: nimonia, mazingira duni ya nyumbani.

Mazingira duni! Nyumba ya Sevda hupakwa chokaa kila mwaka majira ya kuchipua. Najua, kwa sababu chokaa ya mwaka ule niliichanganya mimi, jirani yao. Na sijasahau alivyosema Bibi Sabka kaburini, mbele ya watu: "Maziwa yako ndiyo yamemuua."

Shule nayo ilitoa neno lake. Malina alisoma zamu ya mchana. Wapimaji wa akili walimwita saa kumi, akiwa amekwisha kuchoka. Kichwa kilimwinamia, sauti ikamtokea puani, majibu yakakatikia njiani. Wakaandika: akili nzito. Wakamweka darasa la nyuma, pamoja na watoto wetu wengine ambao nao walipimwa hivyo hivyo.

Mwezi wa kumi, Malina alianza kukohoa. Sevda aliacha kulala. Alikaa kando ya kitanda na mkono juu ya kifua cha mtoto, akihesabu pumzi. Alikuwa amekwisha kuzika mmoja.

Kwetu kuna mwanamke anaitwa Fidanka. Amezaliwa mtaani, na kazi yake ni kutembea kati yetu na madaktari: huku atafsiri, kule agombane. Alikuja kwa ajili ya kikohozi. Akaona kile kiganja chini ya kidevu.

"Dada Sevda, asubuhi yukoje huyu?"

"Asubuhi ni mtoto mwingine. Ananikimbiza mpaka kisimani."

"Na jioni?"

"Jioni ni hivi unavyomwona."

Fidanka akavuta kiti. "Basi nataka uandike. Kila siku, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili."

"Niandike na nini? Na mwiko?" Sevda alicheka bila furaha. "Sijui hata jina langu likiandikwa."

Fidanka akatazama chini, sakafu imejaa maganda. Akatazama chupa pana za kuhifadhia pilipili zilizopangwa dirishani.

"Leta chupa mbili," alisema. "Akiamka tu, mpe mbegu abangue mpaka achoke. Maganda tia chupa hii. Jioni mpe tena. Maganda tia chupa ile. Usimsaidie na usimkaripie."

Bibi Sabka alicheka mpaka akapaliwa. "Tumepata daktari wa takataka!"

Siku kumi na nne zilipita. Chupa ya asubuhi ilijaa mpaka mdomoni. Katika ile ya jioni, maganda hayakufunika vizuri hata kitako.

Walipanda gari moshi mpaka mjini, kwa daktari wa neva, Daktari Velikova. Sevda alikuwa amezifunga chupa kwa kitambaa. Akaziweka mezani, juu ya karatasi za daktari.

"Hii ni nini?" aliuliza daktari.

"Mtoto wangu," alisema Sevda. "Huyu ni wa asubuhi. Huyu ni wa jioni."

Daktari alizitazama chupa kwa muda. Kisha akamwambia Malina aangalie dari bila kushusha macho. Kabla dakika haijaisha, kope zilianguka, moja baada ya nyingine. Akamwambia ahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Ilipofika thelathini, sauti ilikuwa imehamia puani.

"Huyu hana uvivu," alisema daktari. "Na akili yake haina kasoro. Misuli yake ndiyo inachoka. Nahitaji damu."

Sevda akasimama, akakusanya chupa zake. "Damu hapana. Malina, twende."

Nieleze hapa, maana wengi wanasema sisi ni wagumu. Sevda alipokuwa msichana, gari jeupe lilikuja mtaani kwetu. Waliweka meza nyuma ya shule. Kila aliyetoa damu alipewa chokoleti. Walisema wanatafuta magonjwa ya ukoo, na majibu wataleta wenyewe. Mimi nilitoa. Mama yake Sevda alitoa. Chokoleti tulikula, majibu tunayangoja mpaka leo. Kama jina la ugonjwa huu lilikuwa kwenye droo ya mtu miaka yote ile, basi lilikaa hapo sisi tukizika.

Fidanka hakumkemea Sevda. Alimgeukia daktari.

"Mweleze damu ni ya nini. Kisha uandike: inapimwa nini, nani anaitunza, jibu linakuja lini. Utie sahihi. Safari hii hatuondoki na chokoleti."

Daktari aliona haya. Akasema, "Kuna kidonge kinachoweza kumsaidia. Lakini ugonjwa huu una aina nyingi. Kwa baadhi ya aina, kidonge hicho hicho humzidishia mtoto udhaifu. Bila damu nitakuwa nakisia."

Akaandika, akatia sahihi. Sevda akamfunulia mtoto mkono.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, siku ile ile iliyoandikwa. Fidanka alilisoma jikoni, wote wakiwepo.

"Yashar, wewe ni fundi ujenzi. Ukiwa chini unarusha matofali, juu wapo wa kuyadaka, sivyo?"

"Wakiwa hawajalewa," alisema Yashar.

"Neva inarusha kemikali, msuli unaidaka. Wadakaji wale wanaitwa vipokezi. Mwenzake ana wadakaji kumi, Malina ana wawili. Asubuhi neva inarusha kwa wingi, hao wawili wanatosha. Msuli ukifanya kazi, matofali yanayorushwa yanapungua. Wawili hawatoshi tena, na ukuta hausimami."

"Vipokezi gani hivyo?"

"Vinaitwa vipokezi vya nikotini."

Yashar akatoa sigara mdomoni. Uso ulimbadilika. "Nikotini? Kwa hiyo ni mimi? Sigara zangu?"

"Hapana. Ni jina tu. Watafiti waliona nikotini ya tumbaku nayo inadakwa na vipokezi hivyo, wakavipa jina lake. Ndugu zake wako kwenye ubongo, na jeni zake, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, hutofautiana mtu na mtu. Ndiyo sababu moja mwenzako huacha sigara kwa wiki moja, na wewe umeapa kuacha mara ngapi?"

"Usihesabu."

"Basi kwako kuacha ni kugumu, lakini kunawezekana, na kuna dawa za kukusaidia. Hukumpa Malina ugonjwa kwa sigara; jeni ya wadakaji wake ndiyo mbovu. Ila kifua chake ni dhaifu. Moshi ule utoke nje ya nyumba hii."

Yashar alikwenda nje na sigara yake. Alirudi bila hiyo.

Bibi Sabka akauliza, "Sasa hiyo jeni mbovu imetoka wapi? Kwao?"

"Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, Bibi. Moja ya baba, moja ya mama. Sevda ana moja nzima na moja mbovu, haugui. Yashar vile vile, haugui. Malina amepata mbovu ya huku na mbovu ya kule. Nusu ni ya kwao, nusu ni ya kwenu. Ingekosekana moja, angekuwa mzima."

Bibi Sabka alikuwa na mbegu mdomoni. Hakuibangua.

"Na kila mimba ni hivyo hivyo?" aliuliza Sevda.

"Kila mimba, katika nafasi nne, moja ni ya ugonjwa. Na kila mimba inaanza upya."

"Nilizaa wawili," alisema Sevda polepole. "Wote wawili."

Fidanka alimshika mkono.

Jibu liliruhusu kile kidonge, nacho kikaanza kazi siku ile ile. Hakiongezi wadakaji, ila kinafanya tofali likae hewani muda mrefu zaidi, wale wawili wapate nafasi. Kwa kipimo cha daktari, kwa saa yake, kila siku, bila kuruka. Wiki ya pili, Malina alikaa nje jioni akabangua mbegu ishirini na sita. Aliinua kope akamtazama bibi yake usoni, sawasawa.

Lakini Fidanka hakuridhika. Alileta kadi ngumu yenye majina ya dawa.

"Hizi ni dawa nzuri kwa wengine," alisema. "Kwa Malina zinalegeza misuli zaidi, hata ya kupumua. Kadi hii iende naye kila mahali."

"Nitaionyesha," alisema Sevda.

"Ukiwaonyesha wakakataa kuitazama? Utazisoma wewe."

"Mimi?"

"Majina matano. Mengine yatafuata."

Basi Sevda alijifunza juu ya meza ya jikoni. Herufi alizipanga kwa maganda ya alizeti. Jina la kwanza lilikuwa refu kuliko yote, gentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Alilipanga, akalifagia, akalipanga tena, mpaka vidole vikalijua.

Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa magotini, Malina alipata homa. Kifua kikabana kama cha Orlin. Walimpeleka hospitali mchana.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Sevda alitoa kadi. "Weka hapo," alisema daktari bila kuiangalia. Muuguzi akaja na bomba la sindano na kichupa.

"Naomba nikione," alisema Sevda.

"Mama, kaa chini."

"Nikione kwanza."

Alimshika muuguzi mkono, akakigeuza kichupa kwenye mwanga. Midomo yake ilitembea, herufi kwa herufi.

"Gen-ta-mi-si-ni," alisoma. "Hapana. Hii hapana."

Daktari akaja kwa hasira. "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Nimesoma."

Ndipo daktari alipoichukua kadi. Aliisoma mara mbili. Akapiga simu kwa Daktari Velikova, akarudi, sauti imeshuka. Waliandika dawa nyingine. Walimwekea Malina oksijeni na mtu wa kukaa karibu naye. Siku ya tisa alitoka akitembea mwenyewe. Majira ya kuchipua aliitwa tena na wapimaji wa shule, safari hii asubuhi. Akarudishwa darasa lake.

Sevda hakuishia hapo. Alikwenda hospitali kuomba faili la Orlin. Mara ya kwanza aliambiwa halipo. Mara ya pili mtunza faili hakuwepo. Mara ya tatu alikwenda na Fidanka, na mimi, na barua. Faili likapatikana.

Alilisoma kwenye korido, amesimama. Mengi hakuyaelewa. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, kikafika ukurasa wa sindano ya jioni, kikasimama. Lilikuwa lile jina refu. Hakulia mbele ya watu wa hospitali.

Alirudi nyumbani, akaiweka nakala ya ukurasa ule mezani mbele ya mama mkwe wake. Bibi Sabka aligeuza karatasi huku na huku. Yeye hakujua kusoma.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Inasema dawa," alisema Sevda. "Nimeisoma yote, mama. Haisemi maziwa."