Matundu Saba Chumbani kwa Wais

Saa saba na robo mchana, mwezi wa Julai, jijini Djibouti, fundi Robleh alipaka povu la sabuni kwenye koili, yale mabomba ya shaba ya ndani ya kiyoyozi cha chumba cha kulala. Povu likafura mahali saba. Matundu saba, membamba kuliko ncha ya sindano, na karibu gesi yote aliyoijaza wiki tatu nyuma ilikuwa imeshayeyukia hewani.

"Mara ya tatu tangu Mei," alisema Wais, mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Unajaza, inavuja, unarudi. Nani anayefaidika, kama si wewe? Umetoboa mwenyewe!"

"Mimi, Wais? Nitoboe kazi yangu?"

"Jana nimeshawaambia watu barazani."

Baraza la mirungi la Wais lilikuwa na nusu ya wateja wa Robleh, na asubuhi hiyo wawili walikuwa wamempigia simu kumwambia asije tena. Hawakutoa sababu. Sasa aliijua, na ilimuuma, maana fundi aliyeitwa mwizi katika mji huu bora akauze nyanya.

"Nipe mpaka saa kumi," alisema. "Nikishindwa kumtaja aliyefanya hivi, nenda katangaze mpaka bandarini."

Alianza nje. Maungio ya mabomba yalikuwa makavu, hayana hata alama ya mafuta yanayotoka na gesi, kwa hiyo hapo hapakuvuja. Akaingia sebuleni. Kiyoyozi cha huko alikifunga yeye, siku moja na kile cha chumbani, cha aina ileile, na kilikuwa kizima. Basi si ufundi mbovu, wala si hewa ya chumvi, kwani bahari haichagui chumba. Robleh akakuna kichwa.

Ukumbini, Bibi Dahabo, mama yake Wais, alikuwa ameketi mkekani akidarizi shuka. Robleh akaiangalia ile sindano.

"Mama, nasikia hukipendi kiyoyozi cha chumbani."

"Nikipendee nini? Baridi yake inanitafuna magoti. Siku kikifa nachinja mbuzi!"

"Hukukisaidia kufa?"

Bibi akacheka mpaka uzi ukamtoka. "Mwanangu, kitandani kwangu napandishwa. Kule juu ukutani ningefikaje, kwa mbawa?"

Robleh akarudi chumbani na tochi, na hapo ndipo alipozidi kuvurugikiwa. Shaba ya koili imefunikwa na vibati vyembamba vinavyopinda hata kwa kuguswa na kucha. Juu ya yale matundu, hakuna kibati kilichopinda. Sindano isingeweza kupita hapo. Matundu yapo, mtoboaji hayupo! Aliketi kitandani kwa watu, bila kuombwa, akajiuliza kama jua halijampanda kichwani.

Saa tisa na nusu aliwasha feni ya kiyoyozi tu. Upepo ukamletea harufu kali, chachu. Akaimulika shaba tena, akaona ukungu wa kijani kuzunguka kila tundu. Mwishowe akachomoa chujio na kulifuta kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikawa cha manjano. Chujio la sebuleni, wanakofukiza uvumba kila siku, lilitoa kijivu.

Saa kumi kamili Mumina, mke wa Wais, alirudi kutoka kazini kwake, duka la dawa.

"Shemeji, swali moja la jikoni," alisema Robleh. "Siki yenu inadumu muda gani?"

"Usinikumbushe! Chupa kubwa kila wiki, na kachumbari hatuli. Mama anasema majini wanainywa."

Wais akakohoa. "Fundi, umeitwa kwa gesi au kwa kachumbari?"

"Kwa gesi. Siki inaua harufu, lakini pia inakula shaba, polepole, mpaka itoboke. Aliyeinyunyiza kwenye kiyoyozi hakutaka kuharibu kitu. Alitaka kuficha harufu." Akampa Mumina kile kitambaa.

Mumina akakinusa. Uso ukambadilika.

"Sigara," alisema. "Wais! Uliniapia. Siku binti yetu alipolazwa kwa pumu, uliniapia mbele ya kitanda chake."

"Mchana tu, baada ya chakula," Wais alinong'ona. "Moja. Mbili."

"Ungefukiza uvumba basi, kuliko kuniita mwizi barazani!" alisema Robleh.

"Mwanamume afukize uvumba peke yake saa nane mchana? Mumina angejua palepale."

Bibi Dahabo, kutoka ukumbini, akasema kwa sauti kwamba majini wamepatikana.

Mumina hakucheka. "Fundi, utaziba?"

"Nikiziba saba, kesho yatakuja manane. Koili mpya, nijaribu kwa presha, nivute hewa yote, ndipo nijaze. Na siki isikaribie."

"Iweke. Wewe Wais, uliwaambia wangapi?"

"Baraza zima."

Mumina akajitanda shashi yake kichwani. "Twende."

"Wapi? Mumina, mle hawaingii wanawake!"

"Leo nitaingia."

Na aliingia. Wanaume ishirini waliinua vichwa kutoka kwenye mito, mashavu yamejaa mirungi, asijue hata mmoja pa kutazama. Wais alisimama katikati yao akaeleza yote, sigara, siki na uongo, na alipofika kwenye jina la fundi sauti ikamkatika. Mumina akamwambia arudie kwa sauti. Robleh, aliyebaki mlangoni penye viatu, alimsikia akirudia, akageukia ukuta afute macho.