Mwizi wa Herufi za Brashi

Mwizi aliacha mashine za kunyolea, redio na kioo, akaondoka na bango la nje. Kinyozi alisimama chini ya matundu ya skrubu, mikono kiunoni, amevimba kwa hasira.

“Afande, mwizi gani huyu? Hata wizi wenyewe hajui!”

Inspekta hakucheka. Kabla ya kinyozi walikwisha kuibiwa mabango yao muuza keki, mwenye shule ya udereva na muuza sumu ya panya. Mkuu wa kituo alikuwa ameanza kumtania kwamba kesho kitaibwa kibao cha polisi, na utani wa bosi hauchekeshi unapokuwa wewe ndiye unayetaniwa.

“Una picha ya hilo bango?”

“Iko kwenye simu.”

Kituoni, Inspekta alizipanga picha za mabango yote yaliyoibwa mezani kwake. Biashara zile hazikuwa na undugu wowote, lakini maandishi yalikuwa mamoja: herufi nono zilizoinamia kulia, zimeshikana mikono, na mkia wa mwisho umerushwa juu kwa haraka ya brashi. Ndani ya kila herufi ulipita mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Mabango ya majirani, yenye herufi zilizonyooka, hayakuguswa.

“Tumtafute mwenye mwandiko huu,” alimwambia sajini wake.

Wakaanzia kwa mchapaji wa mabango. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi.

“Huo si mwandiko, afande, ni fonti, herufi za kompyuta. Kila anayekuja anaitaka. Saluni, keki, sabuni, kadi za harusi. Inachangamka, kama mtu kaandika kwa mkono wake. Ila usiiandikie maelezo marefu, utaumwa macho. Hiyo ni ya jina kubwa tu, lionekane toka mbali.”

“Na huu mstari mweupe?”

“Ulikuwemo tangu mwanzo.”

“Mwanzo upi?”

Mchapaji akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

“Nani aliziandika?”

“Shemeji yangu, mume wa marehemu dada. Ni mchora mabango. Nilizipiga picha, nikazitengeneza kwenye kompyuta, nikazimwaga mtandaoni.”

“Kwa ruhusa yake?”

“Shemeji naye anaombwa ruhusa, afande?”

“Mnaongea?”

“Tangu tumzike mtoto wake, hapana.”

Mchora mabango aliwafungulia mlango bila kuuliza wanamtafuta nani. Alikuwa mzee mkavu, kucha zake zimekolea rangi. Aliwaomba wavue viatu, akawapeleka chumba cha ndani. Kuta zilikuwa nyeupe tupu. Juu ya kitanda cha mtoto, mabango yalikuwa yamelazwa, yamefunikwa shuka safi. Sajini alifunua upande mmoja, akaona jina la kinyozi.

“Ni wewe uliyeyachukua?”

“Ni mimi.”

“Yote?”

“Niliyoyafikia. Ngazi yangu fupi.”

“Kwa nini, mzee?”

Alikaa ukingoni mwa kitanda, taratibu, asiyakalie.

“Binti yangu aliugua, shule ikamshinda. Nikamwandikia herufi kwenye ukuta huu, azisome akiwa amelala. Asubuhi hiyo alikuwa amekata nywele za brashi yangu kwa mkasi, mtundu yule. Nikataka kuchukua nyingine, akalia: baba, andikia hiyo hiyo. Ndiyo huo mstari mweupe, brashi ilikuwa na pengo.”

“Endelea.”

“Mjomba wake alikuja kumjulia hali, akazipiga picha. Nikajua ni ukumbusho. Tulipomzika, nikashindwa kulala na zile herufi, nikapaka ukuta chokaa. Halafu siku moja naingia sokoni, nakutana nazo kwenye sumu ya panya. Herufi za mwanangu, afande! Chini yake panya kalala chali.”

Sajini aligeukia dirishani. Inspekta aliirudisha shuka juu ya bango la kinyozi. Roho ilimuuma kweli kweli.

“Lakini ukichukua moja, wanachapisha jingine.”

“Najua.”

“Sasa ilisaidia nini?”

“Haikusaidia kitu. Ila ningewezaje kupita chini yake kila siku, nijifanye sioni?”

Kituoni, Inspekta alimpigia mchapaji, akamwamuru aifute ile fonti.

“Naifutaje? Iko kwenye kompyuta za watu nisiowajua. Maji yakimwagika hayazoleki, afande.”

Akampigia mwendesha mashtaka, akamuuliza kama mchapaji naye angeshtakiwa kwa kuiba herufi. “Mimi nina kesi ya mabango, Inspekta,” alijibiwa. “Kesi ya herufi sina.”

Kinyozi aliitwa kutambua kielelezo. Alilitazama bango lake mara moja tu.

“Nimeshachapisha jingine, tena kubwa zaidi. Ila kesi iendelee, liwe fundisho.”

Inspekta alimsomea mzee maelezo yake ya kukiri kosa, neno kwa neno. Mzee akakubali kila neno. Inspekta akamsogezea kalamu.

“Weka sahihi hapa.”

Mzee aliitazama ile kalamu, kisha akairudisha kwa ncha ya kidole.

“Andika kwamba sijui kuandika.”

Akanyoosha dole gumba. Inspekta alifungua kidau cha wino, akaushika mkono ule uliokuwa na mwandiko mzuri kuliko wote mjini, akaukandamiza kwenye karatasi.